Umeme Usioifikia Taa

Mteja akiingia duka la vifaa vya umeme huulizia taa. Ataishika, ataigeuza, ataomba ijaribiwe pale kaunta, atabishana kuhusu rangi ya mwanga: ile nyeupe ya hospitali au ile ya njano ya sebuleni. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii, Tanga kwanza na baadaye Dar es Salaam, ni nadra kumsikia mtu akiulizia kile kiboksi kinachokaa kati ya waya na taa. Kwa wengi hakipo. Na siku kikifa, watu husema taa imeungua.

Mara nyingi taa haijaungua. Kilichokufa ni kiboksi, kimekufa kwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo kimelizalisha chenyewe, kutokana na umeme ambao mwenye nyumba ameulipia lakini haukupata kuwa mwanga. Nayasema haya mapema kwa sababu tukizungumzia taa za kubana matumizi tunazungumzia bili peke yake, kana kwamba umeme unaopotea ni jambo moja na kifaa kufa mapema ni jambo jingine.

Nilijifunza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa fundi tuliyemwita Ami. Karakana yake ilikuwa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na kazi iliyotulisha ilikuwa tyubu laiti: za madukani, za misikitini, za maghala ya katani, za ofisi za huko bandarini. Nyingi zilikuwa zile nene za futi nne, wati 40. Nyembamba za wati 36 zilikuwa ndiyo zinaingia. Kila moja na choki yake ya chuma, ndiyo kiboksi cha enzi hizo, na mwisho wa siku mikono yetu ilinuka vanishi.

Siku za mwanzo nilimuuliza kwa nini tusiunge tyubu moja kwa moja, mteja akaokoa bei ya choki.

“Unga, mwanangu,” alisema bila kuinua macho. “Ila fyuzi utanunua wewe.”

Maelezo yalikuja baadaye, kidogo kidogo, mengine kutoka kwake na mengine kutoka vitabuni. Balbu ya kawaida hujizuia yenyewe: uzi wake ukipata moto, ukinzani hupanda na mkondo hutulia. Gesi iliyomo kwenye tyubu ina tabia ya kinyume. Ikishawaka, kadiri mkondo unavyoongezeka ndivyo njia inavyozidi kuwa nyepesi, na mkondo huzidi kupanda mpaka kitu kikatike. Lazima pawe na kizuizi. Ungeweza kuweka rezista, lakini rezista huzuia kwa kuteketeza, na kwa tyubu ya wati 36 ingekula umeme mwingi kuliko tyubu yenyewe. Koili iliyozungushwa kwenye chuma huzuia kwa namna nyingine. Kwa kuwa umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, koili huweka nguvu kwenye usumaku kwa kitambo kidogo kisha huirudisha. Kinadharia haili chochote.

Kinadharia. Choki ya tyubu ya wati 36 hupitisha kama ampea 0.43, na waya wake mrefu wa shaba una ukinzani, kwa hiyo unapata moto. Chuma nacho kinageuzwa usumaku huku na huku bila kupumzika, na kila mgeuzo una gharama yake. Tena ndani ya chuma chenyewe huzaliwa mikondo midogo inayozunguka bila kazi, ndiyo sababu hakitengenezwi pande moja bali bati nyembamba zilizopakwa vanishi na kubanwa pamoja. Ukijumlisha hasara hizo unapata wati 9 au 10. Taa iliyoandikwa 36 inavuta 45.

Wati 9 si kitu, mtu atasema. Duka linalowasha tyubu saa 12 kila siku litateketeza karibu yuniti 39 kwa mwaka kwenye choki moja. Weka tyubu kumi na ni karibu yuniti 390 za kupasha dari moto. Ami hakuwa mtu wa kupiga hesabu za namna hiyo. Yeye alipanda ngazi, akaweka mgongo wa kiganja kwenye choki, na kuhesabu kimoyomoyo. Chuma kikifika nyuzi 60 hivi, mkono hauvumilii kukaa. Akishindwa kukaa hata kidogo alishuka na kusema, “Hii inakula.” Hakusema ni mbovu. Alisema inakula, na kwa maneno yake inayokula ndiyo inayokufa.

Alikuwa na haki, na ushahidi ulikuwa umechapwa kwenye lebo ya choki muda wote. Kuna alama mbili ambazo mafundi wengi huzipita. Moja ni tw, na mbele yake mara nyingi 130: hilo ni joto la waya ambalo choki, ikikaa nalo mfululizo, inatarajiwa kuishi miaka kumi. Ya pili ni Δt, tuseme 55 au 70, yaani waya utapanda nyuzi ngapi juu ya joto la mahali ilipofungwa. Jumlisha. Kwenye chumba chenye nyuzi 30, choki ya Δt 70 hufikia 100 na itatuzika sote. Ifungie ndani ya kasha chini ya bati linalochomwa na jua la Februari, penye nyuzi 60, na umefika 130 kamili bila akiba. Ukizidi hapo, kila nyuzi kumi hivi hukata nusu ya umri. Choki ya Δt 55 kwa kawaida ni ghali zaidi kwa kuwa ina shaba na chuma zaidi, na mtu wa Ulaya anaweza kuiona anasa. Kwa mtu wa Tanga nadhani ndiyo choki, ile nyingine ni kubahatisha.

Choki bandia zilipoanza kujaa tulizijua kwa kuzikwangua waya. Chini ya vanishi nyekundu kulikuwa na alumini. Ukinzani wa alumini ni kama mara 1.6 ya shaba kwa unene ule ule, na joto la waya hupanda kwa kiasi hicho hicho.

Lakini choki nyingi zilizoletwa pale karakana hazikufa kwa kuwasha taa. Zilikufa kwa kushindwa kuiwasha. Jioni volti zikishuka, au tyubu ikichoka, stata hupepesa bila kukoma, na katika hali hiyo choki hupitisha mkondo wa kupasha ncha za tyubu, ambao ni kama moja na nusu ya mkondo wa kawaida. Joto la waya huenda na mraba wa mkondo, kwa hiyo linazidi mara mbili. Tyubu inayopepesa usiku kucha dukani, watu wamelala, inapika choki kuliko ile inayowaka sawasawa. Ami alikuwa akipita barabarani asubuhi akiona tyubu inapepesa, anamgongea mwenye duka na kumwamuru azime. Wengine walimwona mkorofi. Hasara ya kupepesa haionekani kwenye bili kwa sababu ni ndogo. Ilionekana kwenye kabati letu la choki zilizokufa.

Na mijusi. Fundi yeyote wa pwani atakwambia habari za mijusi. Huingia kwenye kasha kufuata wadudu wanaovutwa na mwanga, kisha hulala pembeni mwa choki kwa ajili ya ule uvuguvugu. Wengine hugusa pasipoguswa. Ndiyo maana ushauri wa kutoboa matundu ili hewa ipite si mwepesi hapa kwetu kama unavyosikika. Tundu linalotoa joto linaingiza mjusi na hewa ya chumvi.

Nilipohamia Dar es Salaam choki za elektroniki zilikuwa zimeshaanza kuuzwa kwa wingi. Wakati wa mgao wa mwaka 2006, ukame ulipoyashusha maji ya Mtera, kila mtu aligeuka mhubiri wa enejisava, na ndani ya kila enejisava mlikuwa na choki ndogo ya elektroniki iliyobanwa kwenye shingo ya plastiki. Ujuzi wa vifaa hivi ni huu: umeme wa ukutani hunyooshwa na diodi nne, hutulizwa na kapasita, kisha transista mbili hupokezana kuwasha na kuzima mara elfu ishirini, thelathini, hadi sitini kwa sekunde. Kwa mwendo huo koili inayohitajika ni ndogo ya kutoshea kwenye kiganja, na hasara zake hushuka. Kuna faida ya pili ambayo mimi ilinishangaza. Kwenye choki ya chuma mwanga hufifia na kurudi mara 100 kila sekunde, na kila mara gesi inahitaji kusukumwa upya. Kwenye mwendo wa kasi gesi haipati nafasi ya kupoa, na tyubu hutoa karibu asilimia kumi ya mwanga zaidi kwa wati zile zile. Kwa hiyo unaweza kuilisha wati 32 badala ya 36 na mtu asione tofauti. Jumla, pamoja na hasara ya kiboksi, ni kama 36 dhidi ya 45.

Mafundi wa mashine waliifurahia kwa sababu nyingine. Chini ya tyubu za choki ya chuma, kitu kinachozunguka mara 50 kwa sekunde kinaweza kuonekana kimesimama. Niliwahi kuiona mashine ya kutobolea kwenye karakana moja ikizunguka na huku macho yakiniapia kwamba imetulia. Zamani dawa ilikuwa kugawa tyubu kwenye fezi tatu.

Ulaya ilizitoa sokoni choki za chuma zenye hasara kubwa kwa hatua, kundi moja mwaka 2002 na jingine mwaka 2005. Nakumbuka tuliambiwa kwamba kizazi cha choki kimekwisha. Kilichofuata kilikuwa kizazi cha viboksi vinavyokufa haraka kuliko choki yoyote ya Ami.

Jengo moja la ofisi mjini lilinipa darasa ambalo sijalipata chuoni. Ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la bati, walikuwa wameweka taa za kuzama kwenye dari la jipsamu, kila moja na choki ya elektroniki. Zilianza kufa baada ya mwaka na kidogo. Meneja wa jengo aliamini ni volti. Mgao ulikuwa umewazoesha watu kuilaumu volti kwa kila kitu. Nilimwomba nifungue zilizokufa kabla ya kuzitupa.

Maiti ya volti na maiti ya joto hazifanani. Volti ikipanda ghafla utakuta fyuzi imefuka moshi, varista imepasuka, pengine transista imetoboka kifua, na vilivyobaki ni vizima kama vilivyotoka kiwandani. Joto linaua polepole na linaacha alama kila mahali: bodi imegeuka kahawia kuzunguka koili, plastiki imekakamaa, na ile kapasita ya kutuliza umeme, yenye maji ya kikemikali ndani, imevimba kichwani. Za jengo lile zote zilikuwa za namna hii ya pili. Transista nazo zilikuwa zimekufa, lakini zilikufa mwisho. Kapasita ikikauka, umeme unaofika kwenye transista hautulii tena, transista zinafanya kazi kwa shida, zinapata moto, zinatoboka. Mafundi wa mtaani hubadilisha transista peke yake kwa kuwa ndiyo wanayoiona imekufa, taa inawaka, mteja analipa, na baada ya muda mfupi anarudi akilalamika kwamba vifaa vya siku hizi ni uchafu.

Nilipanda darini saa nane mchana na kipimajoto. Hewa ya mle ilikuwa nyuzi 54. Mkandarasi alikuwa ametandaza sufi ya glasi juu ya dari zima ili ofisi zipoe, na sufi hiyo ilikuwa imefunika taa pamoja na viboksi vyake. Ni kumvalisha mtu sweta mwezi wa Januari kisha kumuuliza kwa nini anatoka jasho. Kwenye kila kiboksi cha namna hii kuna kiduara kidogo kilichoandikwa tc na joto ambalo mahali pale hapapaswi kulizidi. Kiduara kilisema 70. Kipimajoto kilisema 83. Ndani, pale kapasita ilipobanwa na koili, sioni ilipungua vipi 95.

Sasa tazama hesabu. Kapasita zile zilikuwa zimeandikwa nyuzi 105, saa 2,000. Watu huona 105 wakaridhika, hawatazami zile saa. Kanuni inayotumiwa na mafundi, yenye mizizi kwenye mlinganyo wa Svante Arrhenius, mkemia wa Uswidi, wa mwaka 1889, ni kwamba kila ukishusha joto kwa nyuzi kumi, umri unaongezeka maradufu. Kwenye 95 ni saa 4,000. Kwenye 85 ni 8,000. Kwenye 75 ni 16,000. Ofisi ile iliwasha taa saa 12 kwa siku, siku sita kwa juma, yaani zaidi kidogo ya saa 3,700 kwa mwaka. Mwaka na kidogo. Viboksi havikuwa vinakufa ovyo, vilikuwa vinakufa kwa ratiba.

Tuliifukua sufi kuzunguka kila taa, tukavibana viboksi vipya kwenye bati la taa lenyewe badala ya kuviacha vining’inie kwenye vishikizo vya plastiki, na tukachagua aina yenye hasara ndogo. Kiduara kilishuka hadi nyuzi 66 kwa hewa ile ile ya darini. Meneja aliniuliza kama bili imepungua. Imepungua kidogo, nikamwambia, ila safari hii nimekuja kukupunguzia ngazi.

Hapo ndipo niliacha kuutazama ufanisi kama jambo la bili. Chukua draiva ya taa ya LED ya nje, inayovuta wati 50 ukutani. Moja ina ufanisi wa asilimia 85, nyingine 92. Kwenye katalogi zimepishana asilimia saba, na mnunuzi makini atakwambia saba haimlipi tofauti ya bei. Lakini draiva haiishi ndani ya zile asilimia 92, inaishi ndani ya zilizobaki. Ya kwanza inageuza wati 7.5 kuwa joto, ya pili wati 4. Kama kiboksi cha kwanza hupanda nyuzi 40 juu ya hewa inayokizunguka, cha pili chenye umbo lile lile hupanda kama 21. Nyuzi 19 za nafuu, na kwa kanuni ya Arrhenius kapasita ya pili inaishi karibu mara nne. Tofauti ya umeme ni wati tatu na nusu. Tofauti ya umri ni kati ya kubadilisha mara moja na kubadilisha mara nne, na mwenye kupandisha fundi kwenye nguzo ya mita nane anajua ipi inauma.

LED zenyewe zina mtego wao. Balbu ya uzi ilikuwa ikitupa joto lake nje pamoja na mwanga. Uliliona usoni ukiikaribia. LED haifanyi hivyo. Huenda theluthi moja au zaidi kidogo ya umeme wake ikawa mwanga, na joto lililobaki hukaa nyuma ya kichipu na hutoka kwa njia moja tu, kwa kugusana na chuma. Isaac Newton wa siku hizi, yule anayeuza mtaani, atakwambia “LED haipati moto” kwa sababu ukigusa kioo ni baridi. Gusa mgongo. Akasaki, Amano na Nakamura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa LED ya bluu iliyotupa mwanga mweupe huu; pezi za alumini hazikupata tuzo yoyote, na bila hizo kazi ya wale watatu inafifia ndani ya msimu mmoja.

Sokoni sasa zimejaa taa za nje zisizo na draiva kabisa. Muuzaji huisifia kama faida: hakuna cha kuharibika. Ndani kuna vijisakiti vidogo kwenye bati lile lile la LED, ambavyo huzuia kwa kuteketeza volti iliyozidi, yaani tumeirudia ile rezista niliyoitaja mwanzoni. Volti ikiwa 220 hali si mbaya. Usiku wa manane, mji umelala na volti zimepanda kufikia 250, kila volti ya ziada inageuka joto pale pale zilipo LED. Nimezifungua nyingi. Karibu zote zina doa jeusi mahali pamoja.

Kuna umeme mwingine unaopotea ambao mita ya nyumbani haiuoni. Choki ya chuma isiyo na kapasita ya kusahihisha huvuta ampea 0.43 kwenye volti 230, ambayo ni kama VA 99, ilhali inafanya kazi ya wati 45. Mkondo uliobaki unakwenda na kurudi tu, ukipasha waya njiani. Ndiyo kazi ya ile kapasita ya maikrofaradi 4.5: kuusitisha mzunguko huo karibu na taa na kushusha mkondo hadi ampea 0.22 hivi. Enejisava na draiva za bei rahisi zina ugonjwa tofauti kidogo. Huvuta mkondo kwa kudokoa kwenye kilele cha wimbi peke yake, na mdokoo wa fezi tatu hauondoani kwenye nyutro kama inavyotarajiwa, unajumlishana. Jengo lenye mamia ya vifaa hivyo linaweza kuwa na nyutro inayobeba mkondo mkubwa kuliko fezi yoyote, na nyutro kwa kawaida haina fyuzi. Siku hizi nikiingia jengo kubwa naanza na klampu mita kwenye nyutro kabla ya kutazama taa yoyote.

Habari ya kapasita ina mkia mpya. Mwaka 2023, kwenye mkutano wa Mkataba wa Minamata uliofanyika Geneva, nchi zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya tyubu za fluoresenti ifikapo mwaka 2027, kwa sababu ya zebaki iliyomo. Msukumo wa kuzikomesha taa hizi ulitoka kwa nchi za Afrika, jambo ambalo sijasikia likisemwa sana hapa nyumbani. Basi kila mahali watu wanatoa tyubu na kuingiza tyubu za LED kwenye makasha yale yale, choki ikiachwa ndani. Hasara ya choki hushuka sana kwa kuwa tyubu ya LED ya wati 18 hupitisha kama ampea 0.085 tu. Lakini kapasita ya zamani nayo imeachwa, na yenyewe, bila kuulizwa, huvuta ampea 0.33. Fundi aliyebadilisha tyubu mia moja na kuacha kapasita mia moja ameacha kwenye jengo mkondo mkubwa kuliko wa taa alizoziweka. Mteja mdogo hatauona. Mteja mkubwa anayelipia kVA atauona mwisho wa mwezi na atadhani mita ni mbovu. Mimi naitoa choki na kapasita vyote, nauza shaba, na pesa ya skrepa namkabidhi mteja mbele ya mashahidi, maana kazi yetu ina maneno mengi.

Mahali pa kukiweka kiboksi nimebishana na wasanifu wa majengo kuliko jambo lolote. Wao wanataka kisionekane, na pasipoonekana kwenye nyumba zetu ni darini, yaani mahali penye joto kuliko kote. Mwaka jana nilifunga taa kwenye mabweni ya shule moja wilayani Muheza. Paa la bati, dari la mbao, hakuna feni. Nilizitoa draiva zote nje ya dari na kuzipanga kwenye ukuta wa korido, upande wa kivuli, zimesimama wima na zimebanwa kwenye kipande cha bati nene, kila moja imeachiwa nafasi ya kiganja na mwenzake. Waya wa kwenda kwenye taa uliongezeka urefu, na nilichagua mnene kidogo ili hasara isihamie huko. Saa nane mchana korido ilikuwa nyuzi 33, darini 57.

Mkuu wa shule alikuja kukagua, akakunja uso. Alisema ukuta unafanana na kituo cha kupozea umeme, na wazazi wakija siku ya mahafali watauliza. Aliomba zipakwe rangi ya ukuta. Nikamwambia bati apake, mifereji ya waya apake, ila viboksi vyenyewe aviache, na lebo zisifunikwe ili fundi atakayekuja baada yangu aione tc. Hakupenda. Juzi alinipigia simu kuomba bei ya bweni la wasichana, akauliza kama hilo nalo lazima viboksi viwe nje. Nikamwambia lazima. Akaniomba angalau nivipange kwa mstari ulionyooka.